Vifungu viwili vya Burundi

Nikikaa na maofisa wa serikali iliyotoka vitani, kitu cha kwanza wanachotaka kwangu ni ratiba. Mpito uchukue miezi mingapi, uchaguzi lini, nani atangulie kuongoza. Ratiba nawapa, ina kazi yake. Lakini kabla hatujaagana huwa nawaomba tusome pamoja vifungu viwili tu vya Katiba ya Burundi ya 2005.

Kifungu cha 96 kilisema rais anachaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka 5, na anaruhusiwa kurudi mara moja tu. Cha 302 kilisema rais wa kwanza baada ya mpito, kwa hali ya kipekee, atachaguliwa na Bunge na Seneti. Ukisoma kimoja kimoja huoni tatizo. Nchi ilikuwa imechoka kuzika watu, na kumpata rais bungeni kulipunguza hatari. Visome pamoja sasa. Pierre Nkurunziza alichaguliwa na wabunge 2005, na wananchi 2010. Ilipofika 2015 akataka kugombea tena, na upande wake ukadai muhula ule wa kwanza hauhesabiki kwa sababu hakupewa na wananchi. Mahakama ya Katiba ikakubali.

Kinachoniuma ni kwamba Mkataba wa Arusha, ule wa amani ya Burundi, ulikwisha kulisema jambo hili waziwazi: hakuna mtu atakayeongoza zaidi ya mihula miwili. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo yale mpaka umauti ulipomkuta 1999, Mandela akayapokea, mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Mgawanyo wa jeshi, nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi, uliingia kwenye katiba. Sentensi ile ya mihula haikuingia.

Najua mambo haya yanavyotokea. Saa nane za usiku, chai imepoa kwenye chupa, wajumbe wanasinzia, mtu anasema, "Hiki tutakiweka sawa baadaye." Nimewahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo, nami nikanyamaza.

Mei 2015 "baadaye" hiyo ilifika Kagunga, kijiji cha Tanzania mwambao wa Ziwa Tanganyika. Maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya muhula huo wa tatu walilala ufukweni na magodoro yao, kipindupindu kikawaingia. Mitumbwi iliwatoa nchi kavu kuwapeleka kwenye MV Liemba, meli iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawavusha hadi Kigoma.

Siku hizi nikiletewa rasimu naanzia mwisho, kwenye masharti ya mpito, natafuta neno "kipekee". Nauliza: miaka kumi ikipita, aliyeko madarakani atakisomaje kifungu hiki? Wengine hukereka. Waziri mmoja aliniambia namtukana rais wake kabla hata hajaapishwa. Nikamwomba radhi, nikamwambia, "Mheshimiwa, naomba nikusomee tena 96 na 302." Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaagiza chai nyingine. Sentensi moja ile ya mihula tuliiandika mpaka adhana ya alfajiri.