Jua mnalo, lakini nguo mnazirundika wiki nzima

Hakuna kinachokera huku ugenini kama taulo lililofuliwa juzi na leo linanuka uvundo. Mashine imelikamua kwa kasi ya mizunguko 1,400 kwa dakika, lakini limeanikwa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, limekaa na unyevunyevu siku mbili. Bakteria wa uvundo hawahitaji zaidi ya hapo. Nyumba ya watu wanane, kitu cha kuanikia kinabeba nguo za mkupuo mmoja tu. Ukifua mara mbili kwa siku, nguo za pili hazina pa kwenda.

Ndiyo maana familia kubwa huku hufua kidogo kila siku. Mashine ya kilo 8 hubeba kilo hizo kwa nguo kavu za pamba. Za nailoni na poliesta, nusu yake. Ukishindilia, maji hayapenyi na unga wa sabuni hubaki kwenye mikunjo. Juu ya nguo ibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Sabuni ikizidi nayo ni hasara: povu huzuia nguo kusuguana, na mabaki yake huotesha ukungu kwenye mpira wa mlango.

Sasa ninyi huko nyumbani! Jua la bure, upepo wa bure, shuka likikamuliwa vizuri asubuhi mnalianua mchana. Halafu mnasubiri Jumamosi, mlima wa nguo unamwangukia mtu mmoja, na mgongo ni uleule kila wiki. Inaniuma.

Najua mtasema: “Kapata mashine, sasa anatufundisha kufua.” Hapana. Kufua mnakujua kuliko watu wa huku. Nyeupe kwanza, kisha za rangi hafifu, kisha zinazochuja, mwisho matambara, maji ya sabuni ni yaleyale. Maji ya suuzo la mwisho yanalowekea beseni linalofuata. Mashine haina akili hiyo, kila mkupuo inamwaga maji yote. Wala haitoi weusi wa kola. Bado unapaka sabuni ya kipande na kusugua kwa mkono kabla ya kuitia ndani. Na kukunja haikunji.

“Maji yenyewe yanatoka mara mbili kwa wiki, tutafuaje kila siku?” Swali la haki hilo. Basi siku ya maji iwe ya mashuka, mataulo na mablanketi, vitu vinavyotaka kusuuzwa mara tatu. Chupi na soksi kila mtu afue mwenyewe anapooga, ndoo ndogo inatosha. Mtoto wa miaka kumi afue shati lake la shule jioni, aligeuze ndani nje lisipauke, alianike kwa pindo la chini ili alama za vibanio zisionekane mabegani. Hapo mlima umeshapungua sana kabla Jumamosi haijafika.

Zinabaki jinzi. Nzito zikilowa, ndizo zinazovunja viganja vya huyo mmoja. Zilowekwe nusu saa, zisuguliwe kwa brashi magotini na kwenye pindo, na kukamua kuwe kwa watu wawili, kila mmoja ashike mguu mmoja wa suruali asokote upande wake. Mmoja wa hao wawili awe mwenye suruali.