Tandam kwanza, au semi moja kwa moja?

Ukikaa na madereva wanaosubiri kupakia mahindi pale Kibaigwa, hutamaliza mchana bila kusikia ubishi huu. Wakongwe wanasema kijana asikabidhiwe semi, yaani kichwa kinachovuta tela, kabla hajasugua tandam, lori la chesisi moja lenye ekseli mbili nyuma, kwa miaka. Vijana wanajibu kwamba leseni yao ni daraja E, ile ile aliyonayo mkongwe, na kwamba mwenye gari ndiye anayeamua nani akae kwenye usukani. Pande zote mbili zina hoja. Na kwa kuwa njia ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo inapita hapa hapa Dodoma na Singida, ubishi huu unamhusu hata mama anayevuka barabara Manyoni akiwa na ndoo ya maji kichwani.

Tuanze na uzito, maana ndio unaotofautisha haya magari kabla ya kitu kingine chochote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizoongozana na tani 24 kwenye ekseli tatu. Jumlisha mwenyewe: tandam, gari na mzigo wake, inakomea tani 26. Semi ya ekseli sita inafika 50, na ukomo wa gari lolote ni tani 56. Anayehama kutoka tandam kwenda semi anaongezewa karibu gari zima jingine mgongoni.

Hapo ndipo hoja ya wakongwe inaposimama, na si hoja ya wivu kama vijana wanavyodhani. Tandam inafundisha kuusikia mzigo. Dereva aliyebeba magunia ya alizeti kutoka Chemba, au mahindi kutoka vijiji vya Mpwapwa, amejifunza mambo ambayo hayamo darasani. Anajua mvua za Desemba hadi Aprili zinaugeuzaje udongo mweusi wa mbuga kuwa gundi. Anajua kwamba korongo la mchanga lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa mto jioni, kwa hiyo husimama, hushuka, akapima kwa miguu yake kwanza. Anajua kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake. Amesimamia upakiaji, akaona gunia la juu likipangwa vibaya, akakataa kuondoka. Amepiga rivasi katikati ya mikokoteni, bodaboda na watoto karibu na soko la Majengo huku utingo akipiga kelele nyuma. Shule hiyo ni kubwa, na dereva aliyeipitia humwoni akikimbizana na muda bila sababu.

Lakini tandam haifundishi tela.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza. Kichwa cha semi na tela lake ni vyombo viwili vilivyoshikana mahali pamoja tu, na hapo waliposhikana ndipo panapozaa tabia zote ambazo dereva wa tandam hajawahi kukutana nazo. Kwenye kona, magurudumu ya tela hayafuati njia ya kichwa. Yanakata ndani. Dereva aliyezoea tandam anaingia kona kwa kipimo cha zamani, na tela linapanda ukingo, linapiga nguzo, au linamkuta mwendesha baiskeli aliyedhani gari limeshapita. Kwenye rivasi, mkono unatakiwa ufanye kinyume cha ulichozoea: unataka tela liende kushoto, unaanza kwa kuzungusha usukani kulia, kisha unalifuata. Mwenye miaka kumi ya tandam anaweza kuteseka hapa kuliko kijana aliyeanza na tela, kwa sababu mikono yake imeshajifunza jibu jingine.

Hayo ni ya uwanjani, na gharama yake kwa kawaida ni bati. Ya mteremkoni ndiyo yanayoua. Chukua Sekenke, pale barabara inaposhuka kutoka nyanda za juu za Singida kuelekea Shelui na Igunga. Semi yenye breki nzuri kichwani na breki dhaifu kwenye tela inashuka huku tela likisukuma kichwa. Breki za kichwa zinabeba kazi ya wote wawili, zinachemka, zinapoteza nguvu. Dereva akikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, magurudumu ya nyuma ya kichwa yanaweza kufunga, kichwa kikageuka na gari likajikunja. Yakifunga ya tela, hasa likiwa tupu, tela ndilo linalotoka ubavuni na kufagia upande wa wanaopanda. Kwenye tandam ukikosea breki utateleza pia, lakini utateleza na gari moja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kirahisi. Tandam ikianza kuegemea kwenye kona, dereva anasikia kwenye kiti chake. Tela la semi linaweza kuanza kuinua magurudumu ya upande mmoja kabla dereva hajahisi lolote kichwani, kwa sababu pale lilipoungwa pana nafasi ya kucheza. Anapohisi, mara nyingi muda wa kurekebisha umeshapita. Ndiyo maana mwendo wa kuingilia kona kwa semi unaamuliwa mapema, barabara ikiwa bado imenyooka.

Na tela si lako. Dereva wa tandam anaijua gari yake mpaka mlio wa springi. Dereva wa semi anaweza kuondoka na tela asilowahi kuliona, la mtu aliyeliacha jana. Lazima ajue kulikagua: sahani ya kichwa, pale tela linapokalia, imelishika sawasawa? Kufuli limefunga? Unavuta kichwa mbele taratibu tela likiwa limefungwa breki, kisha unashuka na tochi kuangalia kwa macho. Hosi za upepo zimekaa vizuri, taa zinawaka, breki za kila gurudumu zimekazwa? Hakuna hata moja kati ya haya ambalo tandam lilimlazimisha kulifanya.

Kwa hiyo nchi nyingine zimeamuaje? Kenya imetenga daraja la CE kwa lori zito lenye tela. Uingereza nayo ina C kwa lori la chesisi moja na CE kwa lenye tela, na kwa muda mrefu hukuweza kufanya mtihani wa pili bila kufaulu wa kwanza. Novemba 2021, madereva walipokuwa wameadimika, waliiondoa ngazi hiyo, na sasa mwenye leseni ya gari dogo, akishapimwa afya na kufaulu nadharia, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa tela. Vijana wetu wakisikia hivyo watashangilia. Waangalie vizuri, lakini: kilichoondolewa ni ngazi. Mtihani wenyewe wa kurudisha tela nyuma, kulifungua na kuliunga tena ulibaki.

Sisi tuko kinyume chao. Ngazi tunayo, ya mazoea, inayosimamiwa na wakongwe na wenye magari. Mtihani wa tela unaojitegemea kwenye leseni hatuna: daraja E linamruhusu mtu kuendesha lori zito, liwe na tela au lisiwe nalo. Ndiyo maana siungi mkono upande wowote wa ubishi wa Kibaigwa kama ulivyo. Mkongwe anadai miaka, kijana anaonyesha karatasi, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachothibitisha kwamba mtu anaweza kushuka na tani 50 Sekenke usiku wa mvua. Kinachotakiwa ni daraja la tela linalojitegemea, lenye mafunzo na mtihani wake.

Najua pingamizi. Daraja jipya ni ada mpya, na palipo na ada na foleni, panaweza kuingia rushwa. Mtihani unaonunuliwa ni mbaya kuliko kutokuwa na mtihani, kwa sababu unampa mwenye gari kisingizio. Tena vyuo vinavyofundisha madereva, NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) na VETA (vyuo vya ufundi stadi), haviwezi kupokea madereva wote wa nchi kwa mwaka mmoja. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, na nadhani linajibiwa kwa kuanza na wapya tu, wale wanaoomba daraja E leo, huku wenye uzoefu wa tela wakithibitishwa na waajiri wao kwa kipindi cha mpito.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi ngazi ya mazoea inavyoidhalilisha tandam. Kwa kuwa kila mtu anaiona kama kituo cha kupitia, posho yake ni ndogo, gari lake mara nyingi ndilo lililochoka zaidi, na dereva aliyeiva anaondoka siku anapopata nafasi ya semi. Matokeo yake barabara za vumbi za Bahi na Kongwa, zenye watoto wa shule na ng'ombe, zinaachiwa wanaojifunza. Wapo madereva wanaotaka kubaki na tandam: wanalala nyumbani siku nyingi zaidi, hawakai kwenye foleni za mpakani Rusumo au Kabanga, wanajua wateja wao kwa majina. Walipwe kama mafundi wa kazi hiyo.

Na kazi hiyo inaweza kukua. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Kadiri shehena nayo inavyohamia kwenye reli, bandari kavu ya Ihumwa itahitaji magari ya kusambaza mzigo mjini na vijijini, mahali ambapo semi haigeuki. Barabara ya mzunguko ya Dodoma, ya kilomita 112.3, itaziondoa semi nyingi za safari ndefu katikati ya jiji. Zitakazobaki mitaani ni Fuso na tandam.

Mwenye semi mbili tatu hana haja ya kungoja sheria. Kabla hajamtuma dereva mpya Kahama, ampe siku nzima na tela tupu uwanjani, kisha siku nyingine na mzigo, dereva mzoefu akiwa kiti cha pili, na siku hizo azilipe kama safari.