Shabiki akisusa, kibarua wa mlangoni ale nini?

Kwenye kibanda umiza ninachokwenda kutazama mpira hapa Chikongola, Mtwara, mabishano ya Manchester United huanza kabla ya mechi na huisha watu wakiwa njiani kurudi makwao. Safari hii ubishi haukuwa juu ya kocha. Kijana mmoja alishikilia kwamba kama mashabiki wanaandamana kuwapinga akina Glazer, wamiliki wa klabu, basi wafanyakazi wa klabu nao wagome, la sivyo ni vibaraka wa tajiri. Mzee mmoja akamjibu: "Mjukuu wangu, wewe ukisusa unarudi nyumbani kula. Yule akisusa, hicho cha kula atakitoa wapi?"

Swali hilo limenikaa wiki nzima.

Hasira ya mashabiki ina msingi, na nasimama nao. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliinunua klabu kwa takriban pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo, na mzigo wake akatwishwa aliyenunuliwa: klabu ambayo haikuwa ikidaiwa ikaamka na deni. Riba peke yake imekwishameza mamia ya mamilioni ya pauni. Wapo waliohama mwaka uleule wakaunda timu yao, FC United of Manchester. Wengine walibaki, na baadaye wakaanza kuvaa skafu za kijani na njano, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo ilipoanzishwa 1878. Aprili 2021 ukaja mpango wa Super League, ligi ya kujitenga ya klabu kubwa za Ulaya, United ikiwamo, ukafa ndani ya siku chache, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Tarehe 2 Mei mashabiki waliingia hadi ndani ya Old Trafford, uwanja wa klabu, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa hadi 13 Mei.

Mfikirie mlinzi wa siku ile. Watazamaji walikuwa hawaruhusiwi kwa sababu ya corona, kwa hiyo kazi yake ilitarajiwa kuwa nyepesi. Ghafla mbele yake wamesimama watu anaowafahamu, pengine wa mtaani kwake, wanaimba maneno ambayo naye anayo moyoni. Akiwafungulia, kibarua kimeota nyasi. Akiwazuia, anaitwa mtu wa Glazer. Walinzi wengi wa mechi Uingereza si waajiriwa wa kudumu. Hulipwa kwa siku waliyofanya kazi. Shabiki anaweza kuhama klabu na kurudi miaka kumi baadaye akapokewa kwa shangwe. Kibarua akiondoka, kesho yake koti lake limevaliwa na mwingine.

Sisi watu wa kusini kususa tunakujua. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada wa korosho, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mgomo ulisikika. Lakini gunia lisipotoka ghalani, mbeba mizigo hapati ujira, na huyo mara nyingi ni mtoto wa mkulima. Akitamani mnada ufunguliwe hata kesho, nani atamwita msaliti?

Hapo nilitaka kumpa mzee ushindi. Kilichonizuia ni yaliyotokea Manchester baada ya tajiri wa Uingereza, Sir Jim Ratcliffe, kununua hisa mapema 2024 na kukabidhiwa uendeshaji wa soka. Mwaka huohuo ajira kama 250 zilikatwa. Februari 2025 klabu ikatangaza kwamba nyingine 150 hadi 200 zingefuata, na chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi wa Old Trafford kikaondolewa. Klabu ilieleza kwamba imepata hasara miaka mitano mfululizo, na hasara ilikuwepo kweli. Ila wanaosema maandamano ndiyo yanayohatarisha ugali wa mfanyakazi watuambie: mamia wale walipoteza kazi kwa maandamano gani? Walinyamaza, wakafanya kazi, wakaondolewa. Kwa hesabu yangu, deni analolipinga shabiki barabarani na barua ya kuachishwa kazi anayopewa mpishi vimetoka mfuko mmoja.

Na kususa kunaweza kufika mwisho wake. Mashabiki wa Blackpool, klabu nyingine ya Uingereza, waliugomea uwanja wao kwa miaka, wakimpinga mmiliki Owen Oyston, hadi Februari 2019 mahakama ilipoweka msimamizi wa mali zake. Machi 9 walirudi zaidi ya 15,000. Lakini katika miaka ile ya viti vitupu, wauza chai na walinzi wa pale hawakuwa na mahakama ya kuwatetea.

Kwa hiyo kijana ana haki kuhusu wamiliki, na amekosea kuhusu wafanyakazi. Asimdai mpishi aandamane. Kwa mfanyakazi naomba dogo tu: asiwasemee wamiliki uongo. Shabiki namdai zaidi. Asimtukane wala kumsukuma mtu wa mlangoni. Na madai ya mfanyakazi yaandikwe kwenye mabango, maana yale ninayoyaona kwenye televisheni hudai wachezaji, uwanja na heshima ya klabu. Chakula cha mpishi sijakiona.

Hapa kwetu jambo hili lingeuma zaidi. Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ilishuka Ligi Kuu 2020, na tukija kuwa na timu kubwa tena pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, tukagombana na mfadhili wake, mkata tiketi atakuwa jirani yetu. Tutamzomea mchana, jioni tupange naye safu moja msikitini.

Jumamosi nitamwambia yule kijana hivi. Anayesusa mechi anabaki na pesa ya tiketi mfukoni. Kibarua habaki na kitu. Kama mgomo ni wa haki, sehemu ya pesa hiyo ichangwe, wapewe waliokosa siku yao ya kazi. Akikubali kuchanga, nitasimama upande wake hata mzee akinuna.