Kinga ya Anayesafishwa Damu: Hujibu, Lakini Huchelewa

Shangazi yangu, ambaye figo zake zimeshindwa kazi, husafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi, kila Jumanne na Ijumaa katika hospitali moja hapa Nairobi. Tunatoka Kayole kungali giza, maana ukikosa matatu za kwanza zamu yako inasukumwa mbele na siku nzima inaharibika. Akishaketi kwenye benchi la kusubiri, hukunja mkono wa sweta ili sista aone pale mishipa ilipounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine. Ukiweka kidole hapo, ngozi inatetema kama simu iliyonyamazishwa.

Ni kwenye benchi hilo niliposikia ubishi ambao haujanitoka akilini. Mzee mmoja alisema korona ilimpata 2021, ikapita kama mafua, kwa hivyo mwili wake umeshaijua na hana haja ya chanjo nyingine. Mama aliyeketi kando yake akamjibu: "Umeijua wapi, mzee? Kinga yetu sisi ilikufa pamoja na figo. Hata ukidungwa, mashine inaiosha yote." Wawili hao wanaujua ugonjwa wa figo kwa miili yao, mimi naujua kwa kusoma na kwa kumsindikiza mtu. Lakini jambo walilobishania limechunguzwa sana tangu 2020, na nadhani kila mmoja alikuwa ameshika upande mmoja wa ukweli.

Nianze na la kuoshwa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na linawakosesha watu chanjo. Chujio la mashine huchagua vitu kwa ukubwa. Yurea, uchafu ambao figo zingeutoa kwa mkojo, ina uzito wa dalitoni 60 tu (dalitoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), nayo hupenya kwa urahisi. Kingamwili za aina ya IgG, zile zinazobaki kwenye damu baada ya chanjo au maambukizi, zina uzito wa dalitoni 150,000 hivi. Hata albumini, yenye dalitoni kama 66,000, hubaki karibu yote ndani ya damu. Saa nne za mashine haziwezi kumnyang'anya mtu kinga aliyoipata. Mama yule alikosea hapo.

Hakukosea aliposema kinga yao si kama ya wengine. Figo zikishindwa, sumu hubaki mwilini kati ya siku moja ya mashine na nyingine, nazo huzidhoofisha chembe nyeupe za damu. Seli T, zile zinazoua seli zilizovamiwa na virusi na kuzisaidia seli B kutengeneza kingamwili, huzeeka kabla ya wakati. Watafiti wa Uholanzi walikadiria kwamba seli T za mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha kufa zina umri uliotangulia umri wake wa kuzaliwa kwa miaka 20 hadi 30. Mtu wa miaka 45 anapigana na virusi kwa jeshi la mtu wa miaka 70. Na wakati huohuo mwili huo umejaa uvimbe wa ndani usioisha, yaani kinga iliyowashwa muda wote bila adui. Ni kama soja wa geti anayekesha akikimbiza paka: mwizi akija kweli, soja ameshachoka.

Sasa tumsikilize mzee. Wagonjwa wa dayalisisi wanaoambukizwa korona, je, miili yao huunda kingamwili? Ndiyo, karibu wote. Kule London mwaka 2020 wagonjwa 356 wa dayalisisi, waliojulikana kuambukizwa na wasiojulikana, walipimwa damu, na 129 kati yao, zaidi ya theluthi moja, wakakutwa na kingamwili. Uchunguzi uliofuata Uingereza ulionyesha kwamba kwa wengi kingamwili hizo zilidumu miezi sita na zaidi, na seli T zilizowatambua virusi zilikuwepo pia. Huko Marekani, wagonjwa waliokuwa wamewahi kuambukizwa walikuwa na hatari ya kuambukizwa tena iliyo chini kwa asilimia 45, na hatari ya kuugua kwa dalili iliyo chini kwa asilimia 79. Hizo si namba za mwili usio na kinga. Lakini itazame ile 45: zaidi ya nusu ya hatari ya kuambukizwa ilibaki palepale.

Halafu kuna jambo ambalo mzee hangeweza kuliona kutoka alipoketi. Kingamwili hupimwa kwa walionusurika. Katika mawimbi ya kwanza ya 2020, rejista za wagonjwa wa figo za Ulaya zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa watano wa dayalisisi waliogunduliwa na korona, mmoja hivi alifariki ndani ya mwezi mmoja. Hao hawakurudi kutolewa damu miezi sita baadaye ili tujue kinga yao ilikuwaje. Tukisema "karibu wote huunda kingamwili," tunawahesabu waliopewa muda wa kuziunda. Kinga inayochelewa siku chache haina hasara kwa kijana mwenye mapafu mazima. Kwa mtu mwenye kisukari, moyo uliotanuka na maji yaliyojaa kifuani kwa sababu mashine ni kesho kutwa, siku hizo chache ndizo zinazoamua. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "ukishaugua utakuwa na kinga" ni kumpa ushauri uliotokana na waliopona peke yao.

Wapo waliofika mbali zaidi na kudai kwamba udhaifu wenyewe ni ngao. Hoja hiyo ilianzia Wuhan, ambako kituo kimoja chenye wagonjwa 230 kilipata maambukizi 37 mapema 2020. Wengi walionyesha dalili hafifu, na damu yao ilikuwa na viwango vya chini vya kemikali zinazochochea uvimbe mkali. Waliofikiria hivyo waliona kwamba jeshi dhaifu haliwezi kuichoma nyumba nzima likimtafuta mwizi mmoja. Ni hoja yenye mantiki, na katika wiki zile za giza ilileta matumaini. Ila kituo hichohicho kilipoteza wagonjwa sita walioambukizwa, na baadaye namba za Ulaya zikaonyesha picha mbaya zaidi. Dalili hafifu na ugonjwa hafifu ni vitu viwili tofauti.

Tofauti hiyo tuliishi nayo hapa Nairobi. Baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, kila lango liliwekwa askari mwenye kipimajoto chenye umbo la bastola. Shangazi aliinua paji la uso, akasomewa namba, akapita. Lakini mgonjwa wa dayalisisi mara nyingi huwa na joto la chini kuliko wengine, na homa yenyewe ni kazi ya kinga. Kule London asilimia 40 ya waliokutwa na kingamwili hawakuwahi kugunduliwa kwamba wameambukizwa, na wengine hawakuwa na dalili yoyote. Kipimajoto kilikuwa kinauliza swali ambalo miili hii haikuwa na nguvu za kulijibu. Barakoa, madirisha wazi na nafasi kati ya vitanda vilifanya kazi kubwa kuliko bastola ile.

Chanjo zilipofika Machi 2021, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, hatukuwa na la kuchagua, na ninashukuru kwamba zilikuja. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza ulionyesha baadaye kwamba wagonjwa wa dayalisisi ambao hawakuwahi kuambukizwa, wakapata dozi mbili za chanjo hiyo, walibaki na kingamwili chache dhidi ya Delta, aina ya korona iliyoenea wakati huo, kuliko waliopata Pfizer. Waliokuwa wameshaugua walijibu vizuri kwa chanjo yoyote. Aina nyingine, Omicron, ilipokuja, dozi mbili hazikutosha kwa wengi, na dozi ya tatu ilipandisha kinga tena. Mwili huu unafundishika, ila unahitaji kurudiwa somo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na korona leo, wakati Shirika la Afya Duniani lilishatangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha? Wagonjwa wetu wanakufa kwa maambukizi ya katheta, mirija ya damu inayowekwa shingoni, na bima ya umma inalipia mashine mara mbili kwa wiki wakati Ulaya na Marekani kawaida ni mara tatu. Ilikuwa shilingi 9,500 kwa kila kikao enzi za mfuko wa zamani, NHIF, sasa ni 10,650 chini ya mfuko mpya, SHA, na idadi ya vikao ni ileile. Wakiniambia nichague kati ya dozi ya nyongeza na kikao cha tatu, nitachagua kikao cha tatu bila kusita, kwa sababu sumu inayobaki mwilini ndiyo hiyo inayoizeesha kinga. Lakini hakuna anayetuomba tuchague hivyo. Dozi moja kwa mwaka haigusi bajeti ya kikao, na mgonjwa yuko kitandani tayari, mkono umenyooshwa, sista yuko pembeni.

Tena vituo vya dayalisisi vinajua kazi hii tangu zamani, kupitia homa ya ini B. Mtu mzima wa kawaida hupata dozi tatu za mikrogramu 20. Kwa mgonjwa wa dayalisisi mwongozo ni dozi nne za mikrogramu 40, kisha damu inapimwa kuona kama kingamwili zimefika uniti 10 kwa lita, inapimwa tena kila mwaka, na zikishuka anaongezewa. Hapo hakuna aliyesema kinga yao imekufa, wala kwamba inajitosheleza. Walikubali kwamba inajibu kwa uzito, wakaongeza dozi, wakapima, wakarudia. Sioni kwa nini korona ishughulikiwe vingine.

Kadi ya shangazi ninayo hapa mezani, imekunjwa mara nne na ina doa la chai. Safu za homa ya ini B zimejazwa zote, tarehe na sahihi. Mstari wa korona ni mmoja, wa 2021, na chini yake karatasi ni nyeupe. Ijumaa nitamuuliza sista.