Aliyebaki wilayani

Mama ana uchungu tangu jana asubuhi. Njia imefunguka sentimita 8 na haiendelei, kichwa cha mtoto hakishuki, na kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, mstari umeshavuka ule wa kuchukua hatua. Mkunga anainama tena tumboni kusikiliza mapigo ya mtoto. Yanashuka, yanachelewa kupanda. Kila aliyemo chumbani anajua kinachotakiwa ni upasuaji, tena sasa hivi. Lakini nani wa kuufanya?

Katika hospitali nyingi za wilaya kusini mwa Sahara, anayeitwa usiku huo hana shahada ya udaktari. Ni daktari msaidizi au ofisa tabibu: mara nyingi mtu aliyeanza ngazi ya chini, akahudumia wagonjwa kwa miaka, kisha akarudishwa darasani na thieta, chumba cha upasuaji, kufundishwa kupasua. Tanzania imekuwa na madaktari wasaidizi tangu miaka ya 1960. Msumbiji ilianza mwaka 1984, vita vikiwa vimepamba moto na madaktari wengi wa Kireno wakiwa wameshaondoka baada ya uhuru wa 1975. Iliwapa watu hao miaka 3 ya mafunzo na kuwaita mafundi wa upasuaji. Malawi, Ethiopia na Sierra Leone nazo zina njia zao.

Kila wanapozungumzwa, swali linarudi lilelile: kwa nini mwanamke wa kijijini apasuliwe na asiye daktari, wakati wa mjini anachagua bingwa? Si swali la kubeza. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofuatilia akina mama waliozaa kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika. Kwa kila upasuaji 1,000, walikufa akina mama 5 hivi, kiwango kilichokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Mwenye takwimu hiyo mkononi ana haki ya kusema kwamba kupasua si kufungua tumbo tu. Ni kujua pia wakati wa kutopasua, na ni kujua la kufanya mfuko wa uzazi unapokataa kusinyaa na damu inamwagika.

Wapo pia wanaosema matokeo ni sawa tu, apasue daktari au msaidizi. Hilo nalo lisipambwe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulijumuisha tafiti 6 zenye wanawake zaidi ya 16,000. Haukuona tofauti ya maana katika vifo vya akina mama wala vya watoto. Ila waliopasuliwa na wasio madaktari walipata zaidi maambukizi ya kidonda, na vidonda vyao viliachia zaidi. Kidonda kilichoachia ni jambo zito. Ni mama anayerudi wodini wiki ya pili, kanga imelowa usaha, mtoto analilia maziwa, na nyumbani hakuna wa kumchotea maji. Tukiwatetea madaktari wasaidizi, mama huyo tusimfiche. Tafiti zenyewe hazikuwagawa wagonjwa kwa kura, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba kila upande ulipewa kesi za uzito mmoja.

Hata hivyo, nadhani wanaopinga wanalinganisha vitu ambavyo wilayani havikutani. Wanamweka daktari msaidizi kwenye mizani pamoja na daktari, kana kwamba wote wawili wako nje ya thieta wakisubiri kuteuliwa. Watafiti walipoangalia Msumbiji, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, walikuta kwamba mwaka 2002 asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi katika hospitali za wilaya zilifanywa na mafundi wa upasuaji. Kisha wakauliza jambo ambalo ni wachache huliuliza: waliopangiwa wilaya, baada ya miaka 7 wako wapi? Kwa mafundi wa upasuaji, asilimia 88 walikuwa bado wako hospitali za wilaya. Kwa madaktari waliopangiwa huko, hakubaki hata mmoja.

Hiyo sifuri nimeirudia mara nyingi. Haisemi madaktari ni wabaya. Daktari kijana anapelekwa wilayani peke yake, watoto wake wanakua, shule nzuri iko mjini, masomo ya ubingwa yako mjini, na anayeondoka halaumiki. Inachosema ni kwamba tukimlinganisha msaidizi na daktari wa wilaya, kwa sehemu kubwa tunamlinganisha na kiti kitupu. Mama wa sentimita 8 hachagui kati ya mikono miwili. Anachagua kati ya mkono ulioko na gari la wagonjwa, kama lipo na lina mafuta. Anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya muda wa saa 2 hivi. Safari ya kwenda mkoani peke yake inaweza kumaliza muda huo.

Turudi basi kwenye ule utafiti wa nchi 22. Vifo vilihusishwa na nini? Na kondo la nyuma lililotangulia au kuachia mapema, mfuko wa uzazi uliopasuka, damu iliyomwagika kabla na baada ya kujifungua, na matatizo ya nusukaputi. Mengi kati ya hayo yanadai upasuaji wa mapema, damu salama kwenye jokofu na mtu anayejua dawa ya usingizi. Ukimwondoa msaidizi hujaongeza hata chupa moja ya damu. Ghadhabu ya mabingwa wanaowapinga wasaidizi ningependa kuiona hapo, kwenye jokofu na kwenye mashine ya nusukaputi, na kwenye ratiba ya bingwa wa mkoa kufika wilayani kukagua vidonda na kufundisha.

Hoja ya gharama naipita. Kumsomesha msaidizi ni nafuu, lakini unafuu usiwe ndiyo sababu ya kumthamini.

Ila hiyo asilimia 88 ina upande unaonikera. Wamebaki kwa kuupenda wito wao, sawa. Wamebaki pia kwa sababu cheti chao hakitambuliki kwingine na ngazi yao ya kupanda ni fupi. Tukijenga uzazi salama juu ya watu waliofungiwa mlango, tunawadhulumu wao ili kuwaokoa wengine. Ethiopia ilijaribu njia nyingine: programu yake ya maofisa wa upasuaji wa dharura, iliyoanza mwaka 2009, huwapa shahada ya uzamili.

Kwingine, daktari msaidizi mwenye miaka 20 ya thieta humpokea daktari aliyetoka mafunzo kwa vitendo, akasimama naye mezani, akamwelekeza pa kuingiza kisu na namna ya kushona mfuko wa uzazi. Kijana akishaiva, anakuwa bosi wake. Baada ya miaka michache anahamia mjini, na yule mzee anaitwa tena usiku, kwa mshahara uleule.