Bahari hatuna, lakini viboko tunao

Ndugu uliyetangulia umeuliza daktari wa wanyama anayepima damu ya sili na nyangumi anatuhusu nini sisi Waganda tusio na bahari. Kwanza, jamaa wa karibu kabisa wa nyangumi kati ya wanyama walio hai ni kiboko, na hao tunao tele.

Mwaka 2004 nilikuwa mwaloni Katunguru, magharibi mwa Uganda. Viboko walielea kwenye mfereji wa Kazinga matumbo juu, wamevimba kama mapipa, damu nyeusi puani. Kilikuwa kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hata watu. Na usifikiri kila mtu alikimbia! Wapo walioona nyama ya bure, wakaanza kunoa visu. Mbegu za kimeta hulala udongoni miaka mingi. Kiangazi nyasi zikiwa fupi, mnyama hula karibu na udongo akazimeza. Aliyekufa huambukiza maji, na viboko wenzake humla (ndiyo, kiboko hula mzoga, mimi mwenyewe nilikataa kuamini).

Huko baharini nako ugonjwa hutoka nchi kavu ukaingia majini. Kule California, fisi-maji wa baharini wanauawa na toksoplasma, kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka na kusombwa na mvua hadi baharini. Paka wa nchi kavu anaua mnyama wa baharini! Sasa fikiria mitaro yetu ya Kampala inavyomwaga kila kitu Ziwa Victoria, halafu jioni tunakaa Ggaba, pale ufukweni, kula samaki.

Mimi ningeuliza swali lingine: huku kwetu nani anapima maji hayo, na anayapima mara ngapi kwa mwaka?