Lugha za programu: kasi kwa nani, urahisi kwa nani?

Wanaoitetea Python, lugha ya programu iliyo rahisi kuandika lakini si ya kasi, wana hoja wanayoipenda: kompyuta ni bei chee, muda wa mwandishi wa programu ndio ghali. Huenda ni kweli Marekani. Hapa Kigoma, kijana wa Mwanga anayetengeneza programu ya kuhesabu magunia ya dagaa wa Kibirizi atakesha wiki nzima bila kumdai mtu senti. Laptopu mpya ndiyo isiyonunulika. Mwenye mashine ya mtumba ana haki ya kudai kasi kuliko mhandisi wa Google.

Basi achukue lugha ya Rust? Tangu toleo la 1.0 mwaka 2015 imesifiwa kwa kasi inayokaribia ya lugha kongwe ya C, huku ikizuia makosa mengi ya memori. Ila mwandishi lazima aandike kwa namna ambayo kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa na mashine, itajua kila data ni ya nani na nani kaiazima tu. Ni darasa gumu. Tena kompaila hiyo ni nzito: anayefaidi kasi ni mtumiaji, anayesubiri ni laptopu ileile ya mtumba.

Python nayo urahisi wake una wabebaji. Kigeu, yaani jina la kutunzia data, kinaweza kushika namba sasa, maneno baadaye, kwa hiyo mashine hukagua kila hatua. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 liliongeza kasi bila mtu kugusa msimbo wake, jambo la kupongezwa. Hata hivyo hesabu nzito bado hukimbilia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python ambayo kiini chake kimeandikwa kwa C.

Mimi naegemea lugha ya Go. Google waliitangaza mwaka 2009, na wabunifu wake walikataa mengi kwa makusudi. Aina za jumla, zinazoruhusu funksheni moja kuhudumia aina tofauti za data, ziliingia mwaka 2022 tu. Miaka yote hiyo watu walinakili funksheni zilezile wakinung'unika, na walikuwa na haki. Lakini msimbo wa mwenzako unausoma ukauelewa, kompaila ina haraka, na programu hutoka faili moja: unaitia kwenye flashi, unapanda boti hadi Kalya, inafanya kazi bila kuchoma bando kupakua vifurushi vya programu vya ziada.

Kwa daftari la dagaa, hiyo inatosha. Kama kazi ingekuwa kifaa kidogo cha kupimia maji ziwani, chenye memori ya kuhesabu kwa kilobaiti, ningemwambia kijana aanze Rust, laptopu yake itake isitake.